Lumeni 900,000 kwenye tochi ya kiganjani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanga wa tochi za LED za mtandaoni

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu anapotaka kuagiza tochi mtandaoni na kukuta tarakimu ambazo hata taa za uwanja wa mpira zingezionea wivu. Mwenye haraka aanze na sehemu ya betri. Tangazo linaweza kuandika mwanga wowote linalotaka, lakini mwanga wote unalipwa na betri, na betri ina ukubwa unaojulikana, uzito unaopimika na kikomo kisichobembelezwa.

## Mambo ya msingi

Lumeni ni nini hasa?

Ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, pande zote zikijumlishwa. Haisemi mwanga huo umeelekea wapi wala unafika mbali kiasi gani.

Ili tarakimu zisikuchanganye, shika vipimo vitatu vya kulinganishia. Tochi ya simu hutoa lumeni 50 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na balbu ya LED ya wati 9 inayouzwa leo badala yake hutoa kiasi hicho hicho. Balbu ya gari ya H4 hutoa lumeni 1,000 hivi ikiwa dimu na 1,650 hivi ikiwa fulu. Sasa soma tena tangazo la lumeni 900,000. Anayeliandika anakwambia kwamba kitu kinachoingia mfukoni kinamulika kuliko magari mia mbili yaliyowasha fulu kwa pamoja, taa zote mbili mbele.

Mbona tochi mbili zenye lumeni sawa, moja inafika mbali na nyingine haifiki?

Kwa sababu kufika mbali hupimwa kwa kandela, si lumeni. Lumeni ni sawa na maji yote yanayotoka kwenye mpira wa kumwagilia. Kandela ni jinsi ulivyobana mdomo wa mpira. Maji ni yale yale, ila ukibana yanaruka hadi kwa jirani, na ukiachia yanalowesha miguu yako.

Tochi ya kichwa kikubwa chenye kikombe kirefu cha kuakisi hubana mwanga. Ile yenye LED pana au paneli pembeni huutawanya. Hakuna iliyo bora kwa kila kazi, na jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

Mimi nahitaji lumeni ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Kusoma au kumsaidia mtoto kazi ya shule, lumeni 30 hadi 50 zikiwa karibu na daftari zinatosha. Umeme ukikatika, lumeni 150 au 200 zikielekezwa kwenye dari nyeupe zinafanya sebule ikalike bila mtu kuumia macho. Kutembea njia ya kijijini usiku, 50 hadi 100 zinatosha kuona mashimo na nyoka. Fundi anayeingia chini ya boneti anahitaji 200 au 300 zilizotawanyika, kwa sababu mwanga uliobanwa humuonyesha nati moja na kumficha kila kitu kingine.

Mlinzi wa ghala au shamba ndiye mwenye haja ya kuona mbali. Yeye atafute kandela kwanza. Lumeni 500 hadi 1,000 zilizobanwa vizuri zitamfaa kuliko 3,000 zilizotapakaa. Mvuvi wa dagaa ni kinyume chake: anataka mwanga mpana juu ya maji, usiku kucha, kama karabai ilivyokuwa ikifanya, na kwake saa za kuwaka ni muhimu kuliko tarakimu yoyote ya lumeni.

Kwa nini wauzaji wanaandika tarakimu kubwa namna hiyo?

Kwa sababu hakuna anayewapima na kila mmoja anashindana na mwenzake kwenye ukurasa ule ule. Mmoja akiandika 10,000, wa pili ataonekana dhaifu asipoandika 50,000. Miaka inakwenda, tarakimu zinapanda, tochi ni ile ile.

Kuna sababu nyingine inayouwezesha uongo huu kudumu, nayo ni jicho. Jicho la binadamu ni pimamwanga baya sana: ukiongeza mwanga mara nne, linaona kama umeongezeka mara mbili tu hivi. Mtu akifungua mzigo na kuwasha tochi ya lumeni 400 chumbani gizani, anaona kufuru ya mwanga, anaamini ni 10,000, na anaandika maoni ya nyota tano. Hajadanganya, jicho lake halina namna ya kujua.

## Hesabu ya betri

Nitajuaje haraka kwamba tarakimu haiwezekani?

Gawanya lumeni kwa 100. Jibu ni wati ambazo betri inapaswa kutoa. Kisha jiulize kama betri iliyotajwa inaweza.

Betri ya kawaida kwenye tochi hizi ni 18650, ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, iliyokuwa pia ndani ya betri za laptop za zamani. Kwa kazi ya kawaida hutoa wati 10 hadi 20 bila taabu. Zile za kazi nzito, kama za drili, zinaweza kusukuma wati 60 au 70 kwa muda mfupi. Ndiyo maana tochi nzuri za betri moja ya 18650 zinakaa kwenye lumeni 1,000 hadi 2,000, na chache zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hufika 4,000 hivi kwa dakika moja au mbili kabla joto halijazirudisha chini.

Betri ya 21700, nene kidogo na ndefu kidogo, inaongeza nafasi: lumeni 2,000 hadi 5,000 kwa muda mfupi ni jambo la kuaminika. Tochi inayotumia AAA tatu ndani ya kikopo cha plastiki haivuki lumeni mia kadhaa, hata ikiwa na chapa gani.

Hiyo 100 imetoka wapi? Si LED zinaboreshwa kila mwaka?

Zinaboreshwa, na LED bora sana ikiendeshwa polepole inaweza kuvuka lumeni 200 kwa kila wati. Lakini tochi ndogo huendesha LED yake kwa nguvu, inapata joto, na sehemu ya mwanga inapotea kwenye kikombe na lenzi. Ukichukua 100 unakuwa mkarimu kwa muuzaji wa tochi ya bei rahisi, na haki kwa muuzaji wa tochi nzuri.

Ukitaka kuwa mkarimu kupita kiasi, kipo kikomo ambacho hakuna kiwanda kitakachokivuka: lumeni 683 kwa wati moja. Hicho hakitokani na ufundi, kinatokana na namna kipimo chenyewe kilivyofafanuliwa, na kinawezekana tu kwa mwanga wa kijani kibichi usiopoteza hata chembe ya nishati. Mwanga mweupe hauwezi kukifikia. Hata kwa kikomo hicho, lumeni 900,000 zingehitaji wati zaidi ya 1,300.

Na saa za kuwaka? Tangazo linasema lumeni 2,000 kwa saa 12.

Hapa ndipo matangazo mengi hujifunga yenyewe, kwa hiyo hesabu hii ijue vizuri.

Zidisha volti kwa mAh (kiasi cha chaji kinachoandikwa kwenye lebo ya betri), gawanya kwa 1,000. Unapata wati-saa, yaani nishati yote iliyomo. Betri nzuri ya 18650 ina volti 3.6 na mAh 3,400: hiyo ni wati-saa 12 hivi. Zidisha kwa 100 na unapata lumeni-saa 1,200. Hicho ndicho kibubu chako chote cha mwanga. Unaweza kukitumia lumeni 1,200 kwa saa moja, au 300 kwa saa nne, au 100 kwa saa 12. Huwezi kupata vyote.

Lumeni 2,000 kwa saa 12 ni lumeni-saa 24,000, sawa na betri 20 za 18650. Betri hizo peke yake zina uzito wa karibu kilo moja. Kama tochi kwenye tangazo ina gramu 150, tangazo limejipinga lenyewe na huhitaji kumuuliza mtu mwingine.

Naomba mfano wa tangazo zima likichambuliwa.

Haya maneno yanakutana mara nyingi kwenye tangazo moja: "Tochi ya kijeshi, lumeni 900,000, LED ya XHP199, inamulika mita 5,000, betri ya 18650 ya mAh 9,900, inawaka saa 12."

Anza na lumeni. 900,000 gawanya kwa 100 ni wati 9,000, umeme wa pasi kadhaa za nyumbani zikiwaka kwa pamoja. Betri halisi ya 18650, yenye wati-saa 12, ingekauka kwa sekunde tano kama ingeweza kutoa nguvu hizo, na haiwezi.

Nenda kwenye betri. Betri za 18650 za viwanda vinavyojulikana, kama Panasonic, Samsung na LG, huishia karibu mAh 3,500. Lebo ya 9,900 ni karatasi tu. Betri za lebo kama hizo zimeshapasuliwa na kukutwa na kibetri kidogo ndani kimezungukwa na unga wa kujazia uzito.

Mita 5,000 zitazamwe kwenye swali la umbali hapa chini. Zinahitaji kandela zaidi ya milioni sita. Saa 12 zinawezekana, ila kwa lumeni chini ya mia.

Baada ya kuchambua, imebaki tochi ambayo huenda inatoa lumeni 300 hadi 800 kweli. Kama bei inalingana na tochi ya aina hiyo na huna haja ya zaidi, inunue ukijua unachonunua.

## Kusoma tangazo

Umbali wa mita ulioandikwa una maana gani?

Kwa wanaofuata kanuni, una maana moja kamili: umbali ambao mwanga umefifia hadi luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali fulani), karibu sawa na mbalamwezi kali usiku usio na mawingu. Kwa hiyo hata mita za kweli si mita za kumtambua mtu. Kuona sura au rangi ya nguo, chukua nusu yake au theluthi.

Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 40,000 ni mita 400. Unaona kwamba ili mita ziwe mara mbili, kandela zinapaswa kuwa mara nne. Mita 5,000 zingehitaji kandela 6,250,000, kazi ya kurunzi maalumu za kumulikia angani na baharini. Tangazo likitaja mita bila kandela, omba kandela. Likitaja zote mbili, fanya hesabu uone kama zinapatana.

FL 1 ni nini?

Ni kiwango cha Marekani cha kupima tochi, kilichotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa baadaye. Kinaeleza namna ya kupima mwanga, umbali, muda wa kuwaka, kuanguka na kuingia maji, ili tochi za viwanda tofauti zilinganishwe kwa haki. Mwanga hupimwa tochi ikiwa imeshawaka angalau sekunde 30, siyo ile sekunde ya kwanza ambapo kila kitu bado ni baridi. Viwanda kama Petzl, Fenix na Streamlight huandika vipimo vyao kwa kiwango hiki.

Neno FL 1 peke yake kwenye tangazo halitoshi, maana linanakiliwa kama maneno mengine. Tafuta tarakimu zake zikiwa pamoja: lumeni, kandela, mita na muda kwa kila hatua ya mwanga. Mdanganyifu mara chache hujisumbua kuzipatanisha zote nne.

Je, tochi yenye vipimo vya FL 1 inaweza bado kunipotosha?

Inaweza, na watu wengi hawalijui hili. Muda wa kuwaka kwa FL 1 huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inaweza kuanza na lumeni 1,000, ikashuka hadi 300 baada ya dakika tatu kwa sababu ya joto, ikaendelea hivyo saa tatu na nusu, na sandukuni ikaandikwa lumeni 1,000 na saa 3.5. Kila tarakimu ni ya kweli, ila hazikutokea kwa wakati mmoja.

Viwanda makini huweka mchoro unaoonyesha mwanga ukishuka dakika baada ya dakika. Ukikosa mchoro, rudi kwenye hesabu ya lumeni-saa hapo juu, itakuonyesha wastani.

T6, L2, P50, P90, XHP70, XHP160: majina haya yana ukweli?

Baadhi. XM-L T6 ilikuwa LED ya kweli ya kampuni ya Cree, yenye kikomo cha lumeni 1,000 hivi kwa wati 10. XHP50 na XHP70 pia ni za Cree, na XHP70 inaweza kufika lumeni 4,000 hivi ikipewa wati 30 na ushee. Tarakimu zinazopanda baada ya hapo, kama XHP160, XHP199 na kuendelea, ni majina ya wauzaji kwa LED za viwanda vingine.

Hata LED ikiwa halisi, jina lake linakwambia kile inachoweza, si kile inachopewa. XHP70 ikilishwa wati 8 na betri dhaifu itatoa mwanga wa wati 8.

Tochi za zumu zinaongeza mwanga ukivuta kichwa?

Hapana. Zinabana mwanga uliopo, na mara nyingi zinapunguza jumla yake kwa sababu sehemu kubwa inagonga ukuta wa ndani badala ya kupita kwenye lenzi. Ile pembe nne yenye mistari unayoiona ukutani ni picha ya LED yenyewe.

Video ya muuzaji inaonyesha mlima mzima ukiwaka. Hiyo si ushahidi?

Si ushahidi. Kamera hujirekebisha gizani. Ikiacha mwanga uingie kwa muda mrefu, hata mshumaa unamulika ukumbi. Picha nyingi za "kabla na baada" hazikupigwa kwa mpangilio mmoja wa kamera, na nyingine zimechorwa kwenye kompyuta.

Video inayofaa ni ile yenye kitu cha kulinganishia ndani yake: tochi mbili zikimulika ukuta mmoja kwa wakati mmoja, au kipimamwanga kikionekana na tarakimu zake.

Maoni ya wanunuzi je?

Soma yaliyoandikwa baada ya miezi, si siku ya kupokea mzigo. Sababu imeelezwa kwenye swali la kwa nini wauzaji huandika tarakimu kubwa. Maoni yenye thamani hutaja saa, joto, uzito na jinsi betri ilivyokuwa baada ya kuchajiwa mara nyingi. Angalia pia kama maoni yanazungumzia bidhaa ile ile. Kurasa za zamani wakati mwingine hubadilishiwa bidhaa na kuachiwa nyota zake.

Nimuulize nini muuzaji wa Instagram au WhatsApp?

Wengi wao si matapeli. Wamenakili maelezo yaliyokuja na mzigo, na ukiwauliza kwa heshima watakufungulia sanduku. Andika hivi:

"Habari za kazi, kaka. Nimeipenda ile tochi. Naomba unisaidie mambo matatu kabla sijalipia: betri yake ni aina gani na imeandikwa mAh ngapi, tochi yenyewe ikiwa na betri ina gramu ngapi, na ukiichaji kutoka sifuri inajaa baada ya saa ngapi? Ukiweza nitumie picha ya betri ikiwa nje."

Maswali haya hayamshtaki mtu, lakini majibu yake yanatosha kupiga hesabu yote ya sehemu ya pili. Asiyekubali kutoa hata picha ya betri, mwache.

## Mzigo ukishafika

Nitapimaje nyumbani bila vifaa vya maabara?

Kumbuka unatafuta nini. Hutafuti kosa la asilimia tano. Unatafuta uongo wa mara kumi au mara mia, na huo unaonekana hata kwa kipimo kibovu.

Saa ya ukutani ndiyo kipimo cha kwanza. Iache tochi izimike kabisa, ichaji, andika muda. Tochi nyingi ndogo za USB huvuta ampea 1 au chini yake. Betri ya mAh 9,900 kwa ampea 1 ingehitaji saa 10 na zaidi. Ikijaa kwa saa moja na nusu, imepokea si zaidi ya mAh 1,500. Kipimaji kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya chaja na waya kitakupa tarakimu yenyewe.

Kisha mizani ya jikoni. Betri halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa na 25 au 30, uwezo wake ni mdogo kuliko lebo. Uzito ukiwa sahihi hausafishi betri moja kwa moja, kwa sababu ya ule unga uliotajwa juu. Ndiyo maana muda wa chaji unatangulia.

Mwanga wenyewe unapimwa kwa simu. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga juu ya kioo, na programu za kupima luksi hupatikana bure. Ingia chumba kidogo chenye dari nyeupe, kama bafu, usiku. Laza simu sehemu moja, kioo kikitazama juu lakini kisipigwe na tochi moja kwa moja. Simamisha tochi unayoijua ikimulika dari, soma luksi. Weka ile mpya pale pale, soma tena. Uwiano wa luksi ndio uwiano wa lumeni kwa makadirio. Kama tochi ya lumeni 300 unayoiamini inasoma luksi 40 na ile ya "lumeni 100,000" inasoma 55, umepata jibu: ni 400 hivi.

Huna tochi ya kuaminika? Tumia balbu ya LED ya lumeni 800 kwenye taa ya mezani inayoelekea juu. Haitakuwa sahihi sana, kwa sababu balbu hutawanya mwanga pembeni, lakini kwa uongo wa mara mia inatosha kabisa.

Ilikuwa kali dakika mbili, kisha ikapungua. Ni mbovu?

Gusa mwili wake. Ukiwa wa moto, tochi imejilinda, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Ikipoa kisha ukiiwasha inarudi kali, haina tatizo. Ikiwa baridi na bado imefifia, betri ndiyo dhaifu.

Je, betri zenye lebo ya uongo ni hatari?

Ndiyo, na ningependa watu walichukulie hili kwa uzito kuliko suala zima la mwanga. Nyingi hazina kinga ya kuzuia kuchajiwa kupita kiasi, na baadhi ni betri zilizotolewa kwenye vifaa vilivyokwisha muda na kuvishwa lebo mpya. Usizichaji usiku ukiwa umelala, wala juu ya godoro au karibu na pazia. Ikivimba, ikitoa harufu au ikiwa ya moto bila kazi, itoe nje ya nyumba na usiirudishie chaji. Kama tochi yenyewe ni nzuri, badilisha betri kwa ya chapa inayojulikana yenye mAh kati ya 2,500 na 3,500. Usinunue ya 9,900 nyingine.

## Hali za pekee

Tangazo limeandika mAh 10,000 lakini tochi ina betri tatu. Ni uongo?

Si lazima. Betri tatu za mAh 3,400 zilizounganishwa sambamba zinafika 10,200 kihalali. Zikiunganishwa kwa mfuatano, volti ndizo zinazojumlishwa na mAh zinabaki 3,400, lakini nishati ni ile ile. Ndiyo maana wati-saa ni kipimo cha haki kuliko mAh.

Kuna tochi ya mkononi yenye lumeni 100,000 za kweli?

Ipo. Imalent MS18 ni mfano: LED 18 za XHP70, betri nane za 21700, feni za kupoza ndani yake, na uzito wa karibu kilo mbili. Bei yake ni mamia ya dola, na mwanga huo wa juu unadumu muda mfupi sana kabla ya kushuka. Ukiitazama unaona hesabu ya sehemu ya pili ikitembea kwa chuma: wati mamia, betri nyingi, joto jingi, uzito mwingi. Tochi ya gramu 120 isiyo na hata tundu la hewa haiwezi kufanya kazi hiyo.

Zile tochi kubwa za plastiki zenye betri ya asidi, za kuchomeka ukutani?

Nyingi zina betri ya volti 4 ya risasi na asidi, nzito lakini yenye nishati ndogo. Chukulia lumeni 100 hadi 400. Uzito wake usikudanganye. Kipimo cha uzito hapo juu ni cha betri za lithiamu tu, kama 18650. Betri hizi pia hufa haraka zikiachwa bila chaji kwa miezi.

Na taa na tochi za sola?

Hapa mnunuzi ana bahati. Programu ya Lighting Africa ya Kundi la Benki ya Dunia, iliyoanza Kenya na Ghana, ilileta utaratibu wa kupima taa ndogo za sola maabara, na leo kazi hiyo inaendelezwa chini ya jina la VeraSol. Bidhaa zilizopita zimeorodheshwa mtandaoni pamoja na mwanga na saa zilizopimwa, na moja ya masharti ni kwamba maelezo ya sandukuni yasizidi kipimo. Tafuta modeli yako humo kabla ya kulipa. Taa ya lumeni 100 iliyopimwa itakuhudumia vizuri kuliko "lumeni 5,000" isiyopimwa na mtu.

Nimegundua nimedanganywa. Naweza kurudishiwa pesa?

Mara nyingi ndiyo, ukiwa na ushahidi na ukiwahi. Piga picha ya tangazo siku ile ile unayoagiza, kwa sababu hubadilishwa. Pembeni ya picha hiyo weka picha ya betri kwenye mizani, muda wa chaji, na luksi za tochi mbili. Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni chagua sababu ya "bidhaa si kama ilivyoelezwa", usichague "nimebadili mawazo", maana ya pili hukupa mzigo wa nauli ya kurudisha.

Andika malalamiko kwa kitu kisichobishaniwa. "Haina mwanga" ni maoni, na muuzaji atajibu kwamba kwake inawaka. "Betri imeandikwa mAh 9,900, ina gramu 28, imejaa kwa dakika 80 kwa ampea 1" ni kipimo. Ukikwama, Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora Shirika la Viwango (TBS). Kwa aliyelipa akipokea, njia fupi ni kuomba kuitazama betri kabla kijana wa boda hajaondoka.